Neno la Toleo Hili: Kusaidiana



Safu hii, kama mjuavyo, huchukua neno moja na kulichambua. Safari hii neno limetoka jikoni. Tangu muhula wa kwanza chama chetu kinashirikiana na vyama vya wanafunzi Waislamu, Wakristo, Wayahudi, Wahindu na Wasikh kupika kila Jumatano jioni. Chakula kinakwenda kwa watu wasio na makazi, na tangu Januari kinakwenda pia kwa wanafunzi wenzetu ambao ada na kodi ya chumba zimewakausha. Tangazo la kwanza tulilobandika ukutani lilisema, "Njooni tusaidie." La pili, lililoandikwa na mtu mwingine, lilisema, "Njooni tusaidiane." Yakakaa ubavu kwa ubavu wiki nzima, mpaka mwanachama mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza: kuna tofauti, au mmoja wenu amekosea?

Hakuna aliyekosea. Lakini tofauti ipo, na ndani yake mna swali zito kuliko sarufi: vijana wa dini mbalimbali wakifanya kazi ya kujitolea pamoja, wanakuwa jamii lini?

Tuanze na sarufi, walimu wasije wakanidai. Kiambishi -an- ndicho kinachozaa kauli ya kutendana. Penda, pendana. Tembelea, tembeleana. Julia hali, juliana hali. Bila kiambishi hicho tendo lina njia moja: yupo anayetoa, yupo anayepokea, na kila mmoja anajua amesimama upande gani. Kikiingia, tendo linakwenda na kurudi. Si kiambishi kitakatifu, maana kimetupa pia kupigana, kutukanana na kuchukiana. Kinachotuambia ni kwamba pande zote zimo. Tazameni kitenzi pata. Kupata naweza peke yangu. Kupatana siwezi.

Huku Uingereza kusaidia kumepangwa vizuri. Kila Novemba ipo Mitzvah Day, iliyoanzishwa na Wayahudi. Wahindu wana Sewa Day, Waislamu wana Sadaqa Day. Zote tatu zinakaribisha watu wa dini nyingine, na majina yenyewe ni karamu kwa watu wa lugha kama sisi. Mitzvah ni neno la Kiebrania lenye maana ya amri ya Mungu, na watu hulitumia pia kwa tendo jema lolote. Sewa ni utumishi, kwa Kihindi na kwa Kigujarati. Sadaqa haihitaji mkalimani: ni sadaka yetu, na Kiebrania kina ndugu yake, tzedakah. Kwa Kiswahili Mkristo akitia noti kwenye kikapu Jumapili anatoa sadaka, na jirani yake Mwislamu akimpa maskini Ijumaa anatoa sadaka. Neno lilishawakutanisha kabla ya kamati yoyote kukaa.

Siku hizo ni njema na wanaozipanga wanastahili shukrani. Lakini siku moja kwa mwaka mtu anaweza kuja, akabeba meza, akapigwa picha na akaondoka bila kujua jina la aliyeshika ncha ya pili ya meza ile ile. Amesaidia, na hakuna wa kumlaumu. Bado lakini hajasaidiana na mtu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alichapisha kitabu The Nature of Prejudice kuhusu chuki baina ya makundi. Alieleza kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Chuki hupungua zaidi pale watu wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakitegemeana ili walifikie, na pale wenye mamlaka au desturi za mahali zinapowaunga mkono. Huko Chicago, Eboo Patel, Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, alianzisha mwaka 2002 shirika la Interfaith Youth Core, ambalo sasa linaitwa Interfaith America. Njia yake kwa vijana ilikuwa kuwapa kwanza kazi, kisha mazungumzo. Na mazungumzo yenyewe hayaulizi dini ya nani ndiyo ya kweli. Yanauliza ni kitu gani katika dini yako kimekuleta kwenye kazi hii.

Jikoni kwetu masharti ya Allport tunayaona ndani ya sufuria. Kwa hadhi sawa, kitunguu hakimjui mwanafunzi wa udaktari wala wa mwaka wa kwanza, kinawaliza wote. Kwa kutegemeana, ngoja niwape hesabu yetu. Tuliamua mapema kupika mboga tupu: maharage ya nazi, dengu, kabichi, wali. Uamuzi huo ulimaliza swali la nani amechinja, lakini haukumaliza maswali yote. Wajaini na baadhi ya Wahindu hawali vitunguu wala vitunguu saumu, kwa hiyo sufuria moja ndogo haiguswi na kitunguu. Myahudi anayeshika sheria za kosher kwa ukamilifu huangalia chombo pia, si chakula tu, kwa hiyo mwenzetu mmoja huja na sufuria yake na mwiko wake, na hakuna anayemnunia. Magharibi ikiingia, wanaokwenda kusali huacha miiko mikononi mwa wanaobaki, na dengu haziungui.

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku za mwanzo za Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 Machi, siku yetu ya kupika. Kiswahili kina kitenzi kimoja tu kwa jambo hilo: Waislamu walikuwa wamefunga na Wakatoliki nao walikuwa wamefunga. Maharage yakaiva, watu wakatazamana. Nani ataonja chumvi? Kijana mmoja wa Kisikh ndiye aliyepandishwa cheo jioni ile akawa mwonjaji mkuu, na mpaka leo anatukumbusha.

Kuna wanaosema kwamba kufanya hivi ni kuchanganya dini. Mimi naona ni kinyume chake. Kama wote tungekuwa hatuna sharti lolote, kusingekuwa na haja ya mwonjaji. Tulimhitaji yule Msikh kwa sababu wengine wetu tunashika sana ya kwetu.

Wala tusijidanganye kwamba sisi Waswahili tumezaliwa na upatano mfukoni. Nchini Tanzania ni desturi ya miaka mingi kwamba penye shughuli ya watu wa dini zote Mwislamu ndiye huchinja, ili kila mtu aweze kula. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ubishi juu ya kuchinja ulimwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Desturi nzuri hudumu kwa sababu watu wanaitunza. Siku wakichoka kuitunza, au mmoja akiona anabebeshwa asichokubali na hasikilizwi, inavunjika hata kama ina umri wa babu zetu. Ndiyo maana jikoni kwetu mambo ya chakula huzungumzwa kabla ya moto kuwashwa.

Jambo gumu zaidi lilikuja Januari, nalo lilikuwa kupokea. Tulipotangaza kwamba wanafunzi nao wanakaribishwa kula, hawakuja. Tulijua wapo, maana wengine ni marafiki zetu. Lakini foleni ya chakula ina macho. Ukisimama upande huu wa meza na mwenzako wa darasani amesimama upande ule ameshika upawa, hadhi sawa imekwisha.

Dawa ilitoka kwa wenzetu Wasikh, na ni dawa ya zamani. Katika kila gurdwara, yaani hekalu lao, kuna langar: jiko la bure ambalo huwalisha wote wanaoingia, bila kuuliza dini wala uwezo. Wageni na wenyeji, matajiri na maskini huketi chini mstari mmoja, na yeyote anaweza kugawa chakula. Wenye wazazi waliokulia Kenya huenda wamesikia habari za Makindu, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Pale Wasikh waliokuwa wakifanya kazi ya reli walijenga hekalu mwaka 1926, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote hupata chakula na mahali pa kulala. Wenzetu wakapendekeza tuiondoe meza. Sasa kila aliyepika anakula, na kila aliyekula anaweza kuosha vyombo au kumenya viazi vya wiki ijayo. Ukiingia saa moja na nusu usiku huwezi kujua nani alikuja kusaidia na nani alikuja na njaa. Wengine walikuja kwa yote mawili. Wiki mbili baadaye idadi ya wanafunzi iliongezeka, na wa kuosha masufuria nao wakaongezeka.

Lakini je, kula pamoja kunatosha? Wengi wetu tumekwenda kwenye futari za wazi za Ramadan Tent Project, ulioanzishwa London mwaka 2013 na Omar Salha alipokuwa mwanafunzi wa SOAS. Futari hizo zimefika Trafalgar Square, na Machi 2023 zikafika hata uwanja wa Stamford Bridge. Unakaa chini, unapewa tende na mtu usiyemjua, unarudi nyumbani umefurahi. Wahenga wetu wangefurahi nao, kisha wangekohoa kidogo na kusema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Methali hii ni kali. Haidharau kula pamoja, ila inatuonya tusikupe mzigo usioubebeka. Kipimo chake ni kifo: siku ya msiba, nani atabaki? Na kwa sisi tunaoishi huku methali inauma mara mbili, kwa sababu mzaliwa nawe mara nyingi yuko bara jingine. Kama wa kula nawe hawabaki na wa kuzaliwa nawe hawafiki, mtu atakaa na nani?

Hapo ndipo ninapoliona neno ambalo kwangu ni mama wa kusaidiana, nalo ni kuzikana. Katika mitaa mingi ya Tanzania ukiambiwa "sisi na wale tunazikana," umeambiwa ujirani umekamilika. Viko vyama vya kufa na kuzikana, vyenye daftari la michango, turubai, viti na masufuria makubwa. Sasa litazameni neno hilo kwa jicho la sarufi. Kauli ya kutendana inadai mimi nikuzike, nawe unizike. Haiwezekani! Niliyemzika hawezi kuja kunizika. Juma na Petro wakiwa wawili tu duniani, sentensi "Juma na Petro wanazikana" haisimami.

Inasimama pale watu wanapokuwa wengi. Juma anamzika baba yake Petro. Petro anamzika mama yake Asha. Asha atamzika Juma, na mtoto ambaye leo hajazaliwa atamzika Asha. Deni halilipwi kwenye mlango lilikotoka. Linazunguka, na hakuna anayejua zamu yake itafika lini. Kwa hiyo -an- ya kuzikana inataka mtaa mzima. Ni ahadi ya watu wanaokubali kwamba kila mmoja wao, siku moja, atakuwa upande wa kubebwa.

Mwezi wa Februari mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, nyumbani Afrika Mashariki. Ameniruhusu kuandika haya bila kumtaja. Nauli na viza havikumruhusu kusafiri, kwa hiyo alikaa msibani chumbani kwake, kwenye bweni. Sisi wa chama tulikwenda, kama ilivyo ada. Tulipanga viti, tukapika chai, tukaandika orodha ya zamu. Ambao hatukuwapigia simu ni watu wa Jumatano, nao wakaja.

Marehemu alikuwa Mkristo. Kijana Mwislamu wa familia ya Kipakistani aliuliza jina la mama, ili akiomba dua asiombe kwa jumla. Wasikh walileta birika kubwa la chai, wakaosha vikombe usiku kucha kana kwamba wamezaliwa Tanga. Wanafunzi wa chama cha Kikristo waliimba kwa sauti ya chini, maana chumba cha jirani kulikuwa na mtu wa mtihani. Na yule msichana wa Kiyahudi mwenye sufuria yake aliingia, akakaa, akanyamaza. Sisi tuliozoea kuanza na "pole sana" mlangoni tulimshangaa. Baadaye tukaelewa kwamba kwao anayehani hungoja mpaka mfiwa aseme kwanza. Akangoja karibu saa nzima. Mfiwa aliposema, alisema mengi.

Siku ya tatu ilipopita, sisi tuliozoea matanga ya siku tatu tulianza kurudi maktaba. Yule msichana aliendelea kuja. Siku ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Kwa hesabu ya kwao msiba ulikuwa haujaisha. Mfiwa ameniambia kwamba siku ya tano ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ndiyo siku ambayo watu wa kwao wameshaondoka.

Dini zikiwa mbalimbali, hesabu za siku nazo ni mbalimbali, na siku moja ya wiki ambayo mila yangu imeiacha wazi huenda mila ya mwenzangu imeifunika. Faida hiyo nisingeiona kwenye mjadala wa jukwaani, hata ungekuwa mzuri namna gani.

Asije mtu akasema haya ni mambo ya wanafunzi wenye muda. Tarehe 29 Julai 2024, huko Southport, watoto watatu wa kike waliuawa kwenye darasa la kucheza dansi. Uvumi wa uongo ukaenea mtandaoni kwamba muuaji ni Mwislamu mtafuta hifadhi. Usiku wa tarehe 30 umati ukaushambulia msikiti wa mji huo. Asubuhi ya tarehe 31 watu wa mji walitoka na mafagio kusafisha mitaa, na waashi wakajenga upya ukuta wa msikiti uliobomolewa. Siku chache baadaye, ghasia zilipokuwa zinaenea nchini, imamu Adam Kelwick na waumini wa msikiti wa Abdullah Quilliam, Liverpool, walitoka nje wakawapa chakula waandamanaji waliokuja kuwapinga.

Miezi michache kabla ya hapo, Inter Faith Network, mtandao wa kitaifa wa mahusiano ya dini uliokuwapo tangu 1987, ulikuwa umefungwa baada ya fedha za serikali kusitishwa. Ilikuwa hasara, maana wenye mamlaka wakiunga mkono kazi hizi, kazi hupata nguvu, Allport alishasema. Lakini wale wa mafagio hawakungoja barua. Kilichobaki mkononi mwa watu wa kawaida ni mazoea: kama umezoea kuwaona watu fulani kuwa ni wako, asubuhi ya matofali yaliyovunjika miguu inajua njia. Mazoea hayo hujengwa katika Jumatano nyingi ambazo hazina habari yoyote.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa chama. La kwanza, tuchague kazi yenye siku na saa, ya kila wiki, hata ikiwa ndogo, kuliko tamasha kubwa la mara moja. La pili, orodha zetu ziwe mbili na majina yawe yale yale: upande mmoja ninachoweza kutoa, upande wa pili ninachohitaji. Kama safu yako ya pili ni tupu mwaka mzima, jiulize kama uko katika kusaidiana au bado uko katika kusaidia. La tatu, tuwe na daftari letu dogo la msiba: nani ana gari, nani ana birika, nani anajua ofisi ya kuomba ruhusa ya mtihani, na mila ya nani inakaa siku ngapi. Daftari hilo liwe la vyama vyote, si letu peke yetu.

Na tangazo? Kamati imeamua tuyaache yote mawili ukutani. Njooni tusaidie, kwa anayeanza. Njooni tusaidiane, kwa aliyekwisha kurudi mara ya pili. Ni Jumatano, saa kumi na moja jioni, jiko la chini. Anayeweza aje na kisu chake, maana visu vya pale havikati hata mkate.

Mwenye neno la kupendekeza kwa toleo lijalo aniletee jikoni. Mpaka hapo, tukutane.